Zizi la Kichwani

Siku ya nne ya matibabu Kyomuhendo alikula. Vijiko sita vya uji, kisha akauliza maziwa yako wapi. Bibi yake, Katusiime, akafanya ishara ya msalaba, moyo ukatulia. Kidogo tu, kwa sababu mwanawe Mutalemwa, baba wa mtoto, naye aliviona vijiko hivyo, na tangu hapo hakutulia. Alikwenda dirishani, akarudi kitandani, fimbo ikigonga sakafu, mwili upo kituo cha afya, roho ipo Kyerwa kwenye ng'ombe.

"Mawe, mama yangu, mtoto amepona. Funga vitu twende."

Katusiime akamkumbusha kuwa daktari alisema sindano za mshipani siku kumi, maana hii ni homa ya uti wa mgongo. Mutalemwa akacheka kwa pua. Ndama wake wakiugua ndigana, homa ya kupe, huwadunga mwenyewe. Akiona ndama amerudia majani, sindano inarudi mfukoni. Hata sasa alikuwa na chupa ya dawa ya ng'ombe ndani ya koti, eti atamalizia nyumbani. Katusiime aliwakumbuka ndama wawili waliorudia majani kisha wakafa wiki iliyofuata. Lakini mtu hamsuti mwanawe mbele ya wagonjwa.

Sperancia, muuguzi, Mhaya wa Muleba, akaingia na sindano ya mchana. Mutalemwa akamwambia aichomoe tu ile kanula, mrija wa dawa ulio mkononi mwa mtoto. Muuguzi hakubishana. Akamuuliza zizi lake amelijengaje.

"Nguzo kwa nguzo, nafunga kamba."

"Usipofunga?"

"Hizo ni kuni, sista, si zizi."

Ndipo muuguzi akamweleza kwamba mishipa ya damu ya ubongo imejengwa vivyo hivyo. Chembe hai za kuta zake zimesimama bega kwa bega, na protini ndizo kamba zinazozikaza, ili si kila kilichomo kwenye damu kiingie kichwani. Hata dawa nyingi huzuiwa. Ugonjwa ulipoingia, uvimbe ukazilegeza kamba, na dawa nayo ikapenya kwenye nyufa hizo hizo. Sasa uvimbe unashuka, kamba zinakaza, dawa inapita kwa taabu.

Mutalemwa akafurahi. "Basi si ndiyo vizuri? Ua umekaza."

Katusiime hakuweza kunyamaza tena.

"Umekaza, mwanangu. Na fisi kama bado yumo ndani?"

Fimbo ikaacha kugonga sakafu. Mfugaji yeyote anajua zizi lililofungwa fisi akiwamo, na kinachokutwa asubuhi. Sperancia akaongeza taratibu kuwa vijidudu bado vimo, ndiyo maana dozi haipunguzwi hata mtoto akicheka. Iingie mshipani, kwa wingi, hadi siku ya kumi.

Simu ya Mutalemwa ikalia. Mchungaji wake aliuliza kama wahamishe ng'ombe leo au wamngoje.

"Hamisheni. Mimi siji."

Akaketi kitandani, akaushika mkono wa binti yake. Dawa ilipoingia mtoto alilia, akamwomba baba amwachie. Hakumwachia.

Katusiime akatoa rozari. Mara mbili alipotea katikati ya Salamu Maria, kwa kuwa zilibaki siku sita, na macho yake hayakutoka kwa Mutalemwa: kakaa, ndiyo, lakini miguu yake chini ya kitanda ilikuwa bado inatembea.