Ndama wa Gari Moshi

Kokubanza hakuwahi kuliona gari moshi hata siku moja, na pale Bweranyange hakuna aliyedhani hilo ni tatizo. Nyumba aliyoisiriba kwa samadi ya ng'ombe na kuitia mistari ya masizi na udongo mweupe, wapita njia waliikodolea macho. Basi wazee wa reli, waliojenga njia ya Mwanza enzi za ujana wao, walipotaka kazi yao ikumbukwe ukutani mwa ghala la kahawa, walimwendea yeye.

Wanawake walikuja kumsaidia kukanda udongo, vicheko tele. Kokubanza aliinyanyua michoro ikatokeza ukutani, mkono uweze kuifuata, kwa ajili ya mtu mmoja: baba yake, Melkiory, aliyekuwa akiwaimbisha wabeba mataruma, yale magogo ya kulazia reli, huko relini. Macho yake yalikwisha kuzimika. Kokubanza alitaka jambo moja tu, baba aguse gari moshi lile la ukutani aseme, ndilo.

Siku ya sherehe rubisi, pombe ya ndizi, ilijaa vibuyuni. Mikeka iliyofunika ukuta ilipoondolewa, wazee wakaangua kicheko. Kichwa cha gari moshi kilikuwa na pembe ndefu! Mabehewa yalikifuata yakizidi kuwa madogo, la mwisho dogo kama ndama, na yote yalikuwa na kwato. Yustus, mjuaji wao tangu huko huko relini, alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaagiza ndoo ya maji iletwe, ukuta ufutwe kabla wageni walioalikwa kutoka Kayanga hawajafika kuwacheka.

Kokubanza alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwa amebuni kitu. Baba yake aliporudi kutoka relini alikuta binti asiyemjua, anayejificha nyuma ya mama kila akimwona. Akambembeleza kwa habari za gari moshi: ng'ombe mkubwa wa chuma, anayekunywa maji hayamtoshi, anayelia mpaka milima ikaitika, na watoto wake wanamfuata popote aendako. Mtoto aliliona hivyo, akakua nalo hivyo.

"Hayo maji yasubiri," Melkiory alisema. "Mimi sijaona bado."

Akaongozwa hadi ukutani. Viganja vyake vikapita kwenye pembe, mgongo, ndama mmoja mmoja. Kwa yule wa mwisho akasimama. Shingo ya ndama huyo ilikuwa imegeuka.

"Huyu mbona anatazama nyuma?"

"Ndiye wewe, tata," Kokubanza akamjibu baba yake. "Mama alisema siku ile unaondoka uligeuka na kugeuka, mpaka kilima kikakuficha."

Mzee akabaki na kiganja kwenye shingo ile. Machozi yakamtoka na wala hakuyafuta, kwa sababu alikuwa anacheka.

"Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe."

Kisha akaanzisha wimbo wa kubebea mataruma, na wenzake, waliokuwa wakicheka sasa hivi, wakajikuta wanaitikia, mabega yamekaa sawa kama wamebeba.

Wageni wa Kayanga walikuta watu wanacheza, ile ndoo imepinduliwa inapigwa ngoma. Yustus alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta, akimbembeleza Kokubanza amwongezee ndama wake mmoja. Shingo, alisisitiza, nayo igeuke vilevile.