Mkwe Kutoka Tanga

Masunga alipomleta Cecilia nyumbani Sitalike na kusema mchumba wake ni mzaliwa wa Tanga mjini, mama yake, Nyanzala, hakuamini. Siku hizi watu hujisemea tu wametoka kokote. Akangoja mwanawe aende kuangalia ng'ombe, ndipo akamsogezea yule binti kigoda jikoni.

"Mwanangu, hayo mapango ya Amboni yakoje ndani?" Alikuwa ameyaona kwenye runinga.

"Sijawahi kuingia, mama."

"Na kile kisiwa kilicho mbele ya bandari?"

"Toten? Nakiona tu kutoka ufukweni. Sijavuka."

Nyanzala akachochea kuni taratibu. Mtu azaliwe mahali ambapo wageni wanakwenda kupiga picha, naye asipajue? Huyu anaficha kwao.

"Sasa huko Tanga ulikuwa unafanya nini?"

"Asubuhi namsaidia shangazi kukaanga samaki pale sokoni Deep Sea. Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda Raskazone, tunapunga upepo na kuangalia meli." Kisha akauliza kwa upole, "Mama, nyie hapa mnakaa mlangoni kabisa mwa hifadhi. Simba wa Katavi wakoje?"

Nyanzala alikuwa ameishi Sitalike tangu Masunga ananyonya, na simba hajawahi kumtia machoni. Akacheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa moyo, akampa mkwe mwiko asonge ugali. Shaka ilipungua, ila haikwisha. Wakati wa kula bado angemwuliza jina la huyo shangazi.