Muattar Kang'ata Mkate

Asubuhi hiyo Muattar aliingia karakana ya ushonaji ya dada Salomat, alikokuwa mkata vitambaa, akiwa ameshaipanga hotuba yake ya kuaga. Aliifanyia mazoezi njia nzima, mpaka mbuzi wa jirani akamkodolea macho.

Benki ilikuwa imempeleka Salomat mahakamani kwa mkopo wa cherehani. Karibu zote zilishabandikwa karatasi za mahakama, haziguswi. Mshahara nao umekuwa hadithi. Ng'ambo ya barabara, kaka Bahrom naye alishona magauni ya hariri, na alimtaka Muattar aje kumkatia vitambaa.

"Kaa kwanza, chai inapoa," Salomat alisema, akamwekea mkate wa mviringo.

Muattar akaketi. Hotuba ikamkwama. Kwa woga akaunyanyua mkate mzima, akaung'ata.

Salomat akaweka birika chini polepole. Pale mjini Margilan mkate unamegwa kwa mkono. Anayeung'ata mzima ni msafiri, na mkate wake unatundikwa ukutani hadi arudi aumalize.

"Ala! Kumbe unaondoka?"

"Dada, mimi... njaa tu."

"Njaa gani inakutoa jasho? Ni Bahrom, eti?"

Muattar akaitikia kwa kichwa. Salomat hakumbembeleza. Alitungua mkasi wa Muattar msumarini, akautundika mkate kwa uzi palepale.

"Nenda, mdogo wangu. Kesi ni yangu, si yako. Ila panya wakiuwahi, usinilaumu."

Muattar akavuka barabara. Bahrom alimpokea mlangoni, meno yote nje.

"Karibu, fundi! Salomat kwisha habari yake. Sasa nitajie vipimo vya wateja wake, hasa yule bibi harusi wa keshokutwa."

"Yule gauni lake halijaisha."

"Ndiyo utamu wenyewe! Atakuja kulia hapa."

Muattar akageuka. Kule ng'ambo, kupitia dirisha la Salomat, aliuona mkate wake unabembea.

"Samahani, kaka. Nimeacha chai yangu."

Akavuka mbio, pikipiki ikimpigia honi na dereva akimtukana. Salomat alikuwa amelikunjua gauni la bibi harusi, mkasi uko hewani, hajui aanzie wapi.

"Nimerudi," Muattar alisema, anahema.

"Ehe! Safari ilikuwaje?"

"Ndefu." Akautungua mkate, akaumega, nusu akampa Salomat. "Lete huo mkasi kabla hujaharibu harusi ya watu. Na dada, mshahara ukichelewa tena, nang'ata mwingine."