Chupa Nane Hadi Ngomeni

Asubuhi ya tarehe kumi na tano Agosti, nyumbani kwao Feldkirch, upande wa Austria, Irmgard alifungua mdomo aseme kitu. Mumewe, Gebhard, akamkata kauli.

"Mama, niachie mimi! Huko Liechtenstein ukikohoa tu wanakutoza. Tunakwenda na vyetu."

Gebhard akashindilia mikate, soseji na chupa nane za bia kwenye begi, akalibeba mgongoni mpaka kwenye basi.

Kutoka Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein, kupanda hadi kwenye ngome ya mtawala ni mlima mtupu. Watu waliwapita makundi kwa makundi, mikono mitupu, wakicheka. Gebhard alikuwa ametota jasho, na bado mdomo haukutulia.

"Waone hao! Watalia wakisikia bei."

Kwenye bustani ya ngome, binti mmoja aliyevaa vazi la sikukuu akamnyooshea gilasi ya bia baridi, povu likimwagika. Gebhard akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Kiasi gani?"

"Kiasi gani tena, baba? Leo siku ya taifa. Mwenye ngome anakaribisha watu wote."

Gebhard akaitazama bustani nzima ikinywa bure. Akalitua begi, chupa zikagongana. Kisha akamgeukia mkewe, ambaye gilasi yake ilishafika nusu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

Irmgard akajifuta povu mdomoni. "Tangu hujapakia hata chupa moja. Nilitaka kukwambia, ukasema nikuachie wewe. Basi nikakuachia."