Bao la Upande wa Gesi

Nimetumia miaka kumi na mmoja kuandika historia ya klabu yetu, Ockleshaw Albion, na kitabu kimefika kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ukiondoa picha za wenyeviti, ambao wote walipenda sana kupigwa picha, ushindi wetu unaenea katika kurasa sita. Zilizobaki ni vipigo. Tumefungwa na timu ya posta, tumefungwa na timu ya askari magereza, na mwaka 1931 tulifungwa na timu iliyokuja na watu tisa kwa sababu wawili walipitiwa na usingizi kwenye treni. Sikuficha hata kipigo kimoja. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na sita, na mwalimu wa jiografia hasogezi mto kwa kuwa mtu mkubwa amemwomba.

Klabu ilianzishwa mwaka 1894 na wazee wa kanisa la Kimethodisti, ili vijana wapate shughuli ya kuwaepusha na pombe. Baada ya miezi minane mikutano ilihamia baa, kwa maelezo kwamba kanisani kulikuwa na baridi. Jezi zetu ni za kahawia na rangi ya haradali kwa vile kiwanda cha nguo kilikuwa na majora ya kitambaa cha pazia ambayo hakuna mwenye akili zake aliyeyanunua. Mpaka leo hakuna timu nyingine iliyojaribu kutuiga.

Lakini bao moja tunalo, na hilo hatunyang'anywi. Januari 1956, katika mchezo wa Kombe, walikuja kwetu Marchbourne City, timu ya daraja la kwanza yenye wachezaji watatu wa timu ya taifa. Siku hiyo ukungu uliochanganyika na moshi wa viwanda ulishuka uwanjani hata mtu hakuviona viatu vyake mwenyewe. Mwamuzi alipaswa kuahirisha, ila alikuwa ametoka mbali na hakutaka kurudi Ockleshaw mara ya pili, jambo ambalo simlaumu. Dakika ya sabini na mbili mpira ulitoka kusikojulikana, ukampiga kisogoni Arnold Shuttleworth, muuza makaa, ukaingia wavuni. Shuttleworth alizirai papo hapo. Alipozinduka aliambiwa kwamba yeye ni shujaa, naye hakubisha. Tukashinda moja bila. Raundi iliyofuata tulifungwa tisa, na hayo yana sura yake.

Uwanja wetu unachukua watu elfu tatu. Kwa hesabu yangu, walioniambia au kuniandikia kwamba jamaa zao waliliona bao lile kwa macho yao wanatosha kuujaza mara mbili, wakiwemo wanne waliozaliwa baadaye. Kwingine asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu asiyekuwepo ndiye mwenye maelezo marefu. Mimi ndiye mwanamume pekee wa umri wangu anayekiri kwamba hakuwepo. Nilikuwa na miaka mitano, na surua mwili mzima.

Kila mtu anajua bao lilifungwa Upande wa Gesi, kwenye lango lililokuwa jirani na kiwanda cha gesi. Kuna kibao cha shaba pale. Na kwa kuwa kuna kibao, watu wetu wakifa na kuchomwa, majivu yao huletwa kumwagwa mbele ya lango lile. Alianza Shuttleworth mwenyewe mwaka 1978, na mpaka mwaka juzi walikuwa wamefika sitini na mmoja. Mtunza uwanja ameshachoka kulalamika kwamba majivu yanaua nyasi. Msimu mmoja kipa wetu alipiga chafya katikati ya wingu la marehemu Bwana Tattersall, mpira ukampita, na kitabuni nimeandika kwamba tulifungwa mawili, moja la wapinzani na moja la Tattersall. Mkabala wake kuna Upande wa Njiwa, penye bustani za mboga na mabanda ya njiwa. Huko hajawahi kumwagwa mtu.

Wilfred Crompton alikuwa rafiki yangu. Tulisimama pamoja Upande wa Gesi miaka arobaini na minne, kila Jumamosi tuliyocheza nyumbani, mvua na jua, ingawa jua nalitaja kwa adabu tu. Kila mapumziko, pai mkononi, alinisimulia bao la Shuttleworth: mpira ulivyopinda, kisogo kilivyolia, wavu ulivyotikisika. Alilisimulia vizuri hata nami nikaanza kukumbuka mambo.

Septemba ya mwaka juzi mapafu yalimkaba. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono pale hospitalini.

"Norman, niweke pale lilipofungwa bao," akasema. "Pale pale. Usiwaachie kamati, watanimwaga kwenye kona."

Nikamwahidi. Sijawahi kuahidi kitu kwa wepesi namna ile.

Majivu yake yalipangiwa Jumamosi ya pili ya Novemba, kabla ya mechi. Jumanne ya wiki hiyo nikapata barua.

Kwa ajili ya kitabu nilikuwa nimemwandikia Gerald Pinnock, aliyekuwa kipa wa Marchbourne siku ile, sasa mzee wa miaka themanini na mitano anayeishi pwani na paka wake. Alinijibu kwa mwandiko safi. Tarehe ya harusi yake, alisema, aliwahi kuisahau mara mbili na alijuta mara zote mbili, lakini kipa hausahau wavu aliookotea mpira. Nyuma ya wavu ule kulikuwa na njiwa. Watu walipopiga kelele njiwa waliruka wote kwa pamoja, na mmoja alimchafulia kofia alipoinama.

Nikakimbilia maktaba kutafuta gazeti la wiki ya bao lile. Mstari wa nne ulisema kwamba kipindi cha pili Marchbourne walishambulia Upande wa Gesi. Basi sisi tulikuwa tunashambulia Upande wa Njiwa. Mstari huo ulikuwa umekaa pale miaka sitini na mitatu bila mtu kuusoma. Watu wa Upande wa Gesi walisikia kelele kwenye ukungu, wakadhani bao limefungwa kwao, wakaingia uwanjani na kumbeba juu juu kipa wetu wenyewe. Shuttleworth hakuweza kumsahihisha mtu. Kila aliyemnunulia bia aliambiwa upande alioutaka.

Nilikaa pale maktaba nikipiga hesabu. Marehemu sitini na mmoja wamelala kwenye lango lisilo, na mimi nimemwahidi Wilf pale lilipofungwa. Nikimmwaga Upande wa Gesi, nimemdanganya maiti. Nikimpeleka Upande wa Njiwa, mji mzima utauliza kwa nini.

Barua nikaipeleka kwa mwenyekiti wetu, Desmond Thornber, mtengenezaji wa pai. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama Pinnock alibaki na nakala. Jumatano kamati ikaitwa. Mjumbe mmoja alipendekeza tubadilishane vibao tu, Gesi iitwe Njiwa na Njiwa iitwe Gesi, mpaka mwenzake alipouliza ni nani atakayewahamisha njiwa. Mwingine alisema kwamba ukungu hauna pande. Mwishowe Thornber akasema jambo hili ni la kidemokrasia. Wengi wape. Kura zikapigwa, na kwa saba dhidi ya moja ikaamuliwa rasmi kwamba bao lilifungwa Upande wa Gesi, kisha tukaletewa chai na biskuti. Kura ile moja ilikuwa yangu.

Nilitoka na hasira za kumla mtu mbichi. Thornber akanifuata koridoni.

"Mama yangu ana miaka tisini na miwili," akaniambia. "Kila Pasaka anakuja na maua yake pale kwa baba. Haya, nenda wewe ukamwambie amekuwa akiyaweka siko."

Nikachukua koti langu nikaenda zangu.

Ijumaa nikaenda kwa Hilda, mjane wa Wilf. Kopo la majivu lilikuwa mezani jikoni, kando ya birika, limefungwa skafu ya kahawia na haradali. Nilimweleza yote, Pinnock, gazeti, njiwa, kura saba. Nikamwambia kwamba akitaka, kesho nambeba Wilf mbele ya macho ya watu wote na kumpeleka Upande wa Njiwa, kamati ipende isipende. Hilda alimimina chai na kuniwekea sukari mbili bila kuuliza.

"Wilf hakuliona lile bao, kipenzi," akasema.

"Kwa ukungu ule, nani aliliona?"

"Sisemi ukungu. Hakuwepo uwanjani. Alikuwa kwangu."

Siku ile Hilda alikuwa na miaka kumi na saba, akiuza pai kwenye kibanda nyuma ya jukwaa. Wilf, kijana wa miaka ishirini, alikuja kununua pai kabla ya mechi, akaja mapumziko, na kipindi cha pili akaja tena, shibe imemfika kooni, akasimama tu bila neno la kusema.

"Tukasikia kelele," Hilda akasema. "Akaniuliza, 'Tumefungwa?' Nikamwambia ndiyo, maana ndiyo kawaida yetu. Akasema basi hana haja ya kurudi huko. Akanunua pai ya nne."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka sana.

"Jumapili alikuja nyumbani kumwamkia baba," akaendelea. "Jambo la kwanza baba kumuuliza ni kama aliliona bao. Angesemaje? Aseme alikuwa kibandani na binti yake? Akasema aliliona. Basi ikabidi aendelee kuliona."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka sitini na mitatu. Harusini alilisimulia. Watoto walizaliwa wakalisikia. Na alikuwa analiongezea, Norman. Hiyo ya kisogo kulia ilikuja baadaye sana. Sikumkatiza hata siku moja."

Nilimuuliza basi nimfanyeje, maana mwenyewe alisema awekwe pale lilipofungwa. Aliinyoosha skafu kwenye kopo, polepole, kama anamvalisha mtu anayetoka kwenda kwenye baridi.

"Muweke alipokuwa akilisimulia," akasema. "Lake yeye lilifungwa pale, kila Jumamosi, na wewe ulikuwepo."

Nikamuuliza kuhusu kitabu.

"Kitabu andika alivyosema kipa. Ukiandika vingine hutalala, tunakujua. Ila ukifika kwa Wilf, aliliona."

Nikamwambia historia haiandikwi hivyo. Akaniongezea chai.

Jumamosi tukammwaga Wilf Upande wa Gesi. Upepo ulimgeuza kidogo, akaishia kwenye koti jipya la Thornber, jambo ambalo Wilf angelifurahia. Kisha tukafungwa tatu bila, na hakuna aliyelalamika kuhusu nyasi.

Kitabu kilitoka mwezi wa Machi. Ukurasa wa themanini na nane unasema wazi, pamoja na barua ya Pinnock na mstari wa nne wa gazeti, kwamba bao lilifungwa Upande wa Njiwa. Thornber aliacha kunisalimia. Nilikaa nyumbani wiki mbili nikisubiri kutukanwa na familia sitini na moja, na nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nimeyaandika. Hakuna familia hata moja iliyotaja lango. Mama yake Thornber alinunua nakala tatu, na Pasaka akaweka maua yake pale pale. Ilinichukua muda kuelewa kwamba watu wa Ockleshaw hawasomi kitabu. Wanafungua nyuma kwenye orodha ya majina na kutafuta la kwao.

Barua zilizokuja zilikuwa arobaini na tatu, na zote ziliuliza jambo moja: mbona Wilfred Crompton ametajwa kuwa aliliona bao, na baba yao, aliyesimama palepale, hakutajwa? Nimewajibu wote kwa heshima kwamba kitabu changu hakina neno lisilo na ushahidi.

Hilda nilimpelekea nakala yake mwenyewe. Macho yake hayawezi tena maandishi madogo, kwa hiyo nilikaa pale jikoni nikamsomea: "Miongoni mwa walioliona bao kwa macho yao ni Wilfred Crompton, aliyekuwa amesimama Upande wa Njiwa, hatua kumi kutoka wavuni."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Alifuta macho kwa ncha ya aproni, akakichukua kitabu na kukifunga, akakiweka mapajani.

"Yeye alikuwa akisema sita," akasema.

Nitarekebisha katika chapa ya pili.