Vitufe Viwili vya Chiriku

Je, umewahi kuona kibodi ya kompyuta ikivunjikia mgongoni mwa mtu? Basi omba usione. Herufi zinaruka kama bisi kikaangoni. Moja iliniingia kifuani, ndani ya gauni, na mpaka leo sijui ilikuwa herufi gani maana niliitupa kwa hasira. Mgongo ulikuwa wa mjukuu wangu wa kike. Mkono ulioishika kibodi ulikuwa wa kaka yake. Na mimi bibi yao nilikuwa hapo hapo, kwenye kigoda changu, nimeshika mswaki, nasugua uchafu wa vidole vya watu kwenye kibodi nyingine.

Ngoja nikuanzie mwanzo, usije ukanipotea.

Mjukuu wangu mkubwa tunamwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yake. Anachukua kompyuta zilizochoka, anazifungua, anazipuliza vumbi, anabadilisha kilichokufa, halafu anaziwekea ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, unaotengenezwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, wengine hata hawajuani sura. Kazi yake safi. Ana ubwana mkubwa kidogo tu: akihitaji waya mwekundu hainuki, anamwambia dada yake, "Nikatie wewe." Na ukimtuma nyanya sokoni anakuletea mbichi, halafu ananuna ukimsema.

Ubaya wa mfumo ule ulikuwa sura yake. Ukiiwasha kompyuta mara ya kwanza unakutana na kijivu juu ya kijivu, na vimaandishi kama mayai ya chawa. Mteja mmoja aliinama, akatazama, akasema, "Huku mmenifungulia chumba cha maiti." Akaondoka, mashine akaiacha mezani.

"Si unabadilisha mwenyewe rangi uitakayo!" Fundi alimpigia kelele mgongoni.

Nani abadilishe? Redio yangu mimi ipo kwenye kituo kile kile alichokiacha aliyeniuzia. Watu wanaishi na walichokikuta.

Hilo dada yake alilielewa. Yeye tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Wale watu wa kujitolea walikuwa wametangaza kwamba wanatafuta sura mpya ya kuanzia, ile ambayo kila mtu ataikuta akiwasha. Chiriku akachora, akatuma. Wakaipenda. Wakamwandikia: ijaribu kwanza kwa wateja wenu, ikifaa tutaichukua, iwe ndiyo sura ya mfumo kila mahali. Mtoto yule alilia. Tangu azaliwe hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kwaya walimwambia apunguze sauti.

Na ilikuwa nzuri, sikufichi. Maandishi makubwa, niliyasoma bila miwani. Nyuma yake rangi ya bahari asubuhi. Vipicha vimekaa kwa nafasi, havisukumani. Lakini alichojivunia hasa ni vitufe viwili. Ukitaka kuhifadhi kitu au kukifuta, vinakuja viduara viwili vya saizi moja, havina neno, havina mchoro. Cha kijani, hifadhi. Chekundu, futa.

"Hata asiyejua kusoma anaelewa," alisema. "Bibi, si umeelewa?"

"Nimeelewa mama."

Fundi alitazama vile viduara viwili, taya ikamcheza.

"Toa takataka zako kwenye mashine zangu."

"Wivu tu, kaka. Sema hongera."

Akamzaba kofi. Mara moja, la wazi, mate yakamtoka mtoto. Chiriku naye si wa kulia kwanza; alimdaka ule mkono uliompiga akauma, akang'ang'ania kama mbwa, mpaka nikawatenganisha kwa fagio, nikipiga yeyote aliyekuwa karibu. Ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi matusi, mchana vikombe vinaruka. Fundi alichora mkwaruzo kwenye kioo cha dada yake kwa ncha ya bisibisi. Dada yake akammwagia maji moto kwenye viatu, yeye akiwa amevivaa. Nyumba yangu ilinuka spiriti na ugomvi, na kila nilipouliza mnagombea nini, Chiriku alijibu, "Anataka niharibikiwe," na Fundi aliinamia nyaya zake.

Sura ile hakuiondoa, lakini. Wateja walikuwa wameanza kurudi kwa ajili yake. Akaitumia akiwa amekunja uso, mkono ukienda kulia kila mara, maana duara la kuhifadhi lilikaa kulia.

Siku yenyewe akaja mpiga picha. Jitu pana, shingo haionekani. Mashine yake ilikuwa na picha za harusi za watu, na alitaka zihamishwe kabla mashine haijafa. Akasimama nyuma ya Fundi, anapumulia kisogo chake.

"Polepole fundi. Hao watu hawaoani mara ya pili."

"Kaa chini mzee, hii ni kazi ya dakika."

Sasa, asubuhi hiyo Chiriku alikuwa amevibadilisha nafasi vile vitufe. Wenzake wa mtandaoni walimwandikia kwamba cha kuhifadhi kingekaa vizuri zaidi kushoto. Hakumwambia kaka yake, maana walikuwa hawasemeshani, na kwani kulikuwa na haja gani ya kumwambia? Rangi si ipo?

Fundi akabonyeza cha kulia.

Niliona skrini ikibaki tupu, ile rangi ya bahari peke yake. Mpiga picha naye akaona. Alimshika Fundi kisogoni akampigiza uso mezani, kwenye skrubu na vipande vya waya, akamwinua, akampigiza tena. Kisha ngumi ya mbavu, nikasikia pumzi inavyomtoka kama tairi. "Harusi ya watu!" ndiyo akapata sauti. "Harusi ya watu, mshenzi wewe!"

Na Chiriku, mdomo wake ule, akasimama mlangoni akasema, "Chekundu hicho, kaka! Hata kipofu angeona!"

Hapo ndipo. Fundi alijichomoa kwenye mikono ya lile jitu, damu inamtiririka puani hadi kidevuni, akanyakua kibodi iliyokuwa karibu. Dada yake aligeuka akimbie. Ilimpata katikati ya mabega, ikakatika vipande viwili. Alianguka magoti, na alipoinuka alikuwa na bisibisi mkononi. Akaichomeka pajani kwa kaka yake. Ikasimama pale yenyewe, mpini wa njano unatikisika.

Niliinuka. Bibi wa umri wangu haingii kwenye vita kwa nguvu, anaingia kwa mwili. Nikajipenyeza katikati yao, na kiwiko cha Fundi, kikirudi nyuma kumtafuta dada yake, kikanikuta mdomoni. Jino la mbele likanitoka. Nililitema mkononi, tukalitazama wote wanne.

Hata mpiga picha alirudi ukutani. "Shikamoo mama," akasema, masikini.

"Marahaba. Kaa chini." Akakaa.

"Picha zinarudi," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Mtu asiiguse tu hiyo mashine. Nitazirudisha." Akaichomoa bisibisi mwenyewe, akauma midomo, akaitupa sakafuni.

Damu ilikuwa inanijaa. Kwenye misumari juu ya meza yake natundika vitambaa vyangu viwili, saizi moja: cha kijani nakilowesha spiriti ya kufutia kibodi, chekundu ni kikavu na safi.

"Nipe kile chekundu," nikamwambia.

Alinyoosha mkono. Ukaenda kwa kimoja, ukasita, ukaenda kwa kingine, ukarudi. Akanipa. Nikabandika mdomoni, na mama yangu! Moto. Spiriti kwenye jeraha bichi. Nikapiga yowe.

"Unamuua bibi!" Chiriku akainua bisibisi tena, ile ile, ina damu. "Kwa makusudi! Amekwambia chekundu!"

"Ishushe," nikamwambia. Mimi nilikuwa namtazama Fundi. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku za nyanya. Alikuwa anakitazama kitambaa kilichobaki msumarini kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

"Mjukuu wangu. Vitambaa hivi unavionaje?"

Damu yake ilikuwa inadondoka sakafuni, tone, tone.

"Kaka?" Chiriku alisema. Sauti ilikuwa imembadilika.

"Vyote rangi moja," akasema. "Ya matope. Na nyaya pia. Na nyanya. Na vitufe vyako."

Bisibisi ikaanguka yenyewe. "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, kwani rangi huwa zinaibwa?"

"Na hukusema! Unanipiga kila siku, hukusema!"

"Niseme nini? Fundi asiyejua nyaya? Nani angeniletea mashine yake, huyu?" Akamwelekezea kidole mpiga picha, ambaye alitazama miguu yake. "Kwenye kijivu mimi na watu wengine tulikuwa sawa. Wewe ukaja na sura ya kila mtu, dunia nzima, na mimi simo."

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni sasa, katikati ya herufi. Mgongo ulimuuma, nilijua kwa namna alivyojikunja. Alivuta ile mashine ya mezani kwake, akafungua mchoro wake, vile viduara viwili vikaja.

"Basi sema," akamwambia, bila kumtazama. "Sijawapelekea bado sura ya mwisho. Ulikuwa unataka nini?"

Fundi alijifuta damu kwa kiganja. Akachuchumaa kando yake, paja likimkatalia.

"Alama ya vema kwenye cha kuhifadhi," akasema. "Ya kosa kwenye cha kufuta. Na neno chini ya kila kimoja, lisomeke. Ndicho nilichotaka tangu siku ya kwanza. Rangi weka zako uzipendazo."