Vitunguu vya Jivuni

Jumapili ile binti yangu alinipigia simu asubuhi akasema, "Baba, vaa lile shati jeupe. Leo tunakutoa."

"Mnanitoa? Mimi jino?"

Akacheka. "Tunakwenda magofuni. Watoto wanataka kuona mambo ya kale, halafu tutakula hukohuko, chakula cha asili. Mkweo anaendesha. Kazi yako wewe ni kukaa tu."

Kama kuna mahali nilikuwa sitaki kutia mguu ni pale, na binti yangu alilijua hilo. Lakini mgane akiitwa na mwanawe hajivungi. Nyumba yangu ina vyumba viwili na vyote viwili vimenichoka. Nikalipiga pasi shati.

Nieleze kidogo, msije mkadhani mimi ni mzee wa kununa tu.

Mke wangu alipika nje ya lango la magofu yale tangu binti yetu hajaota meno. Walikuwa kundi la wanawake, kila mmoja na mafiga yake na mabenchi yake chini ya turubai. Wageni wakishachoka kutazama kuta zilizobomoka njaa inawashika, na hapo lango na wali vinatazamana. Wenzake walimwita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa na mdomo wa kusema na wakubwa. Na maharage yake ndiyo yaliyowajaza watu. Alikuwa hakaangi vitunguu. Alivifukia kwenye jivu la moto, vizima na maganda yake, akavifukua vimelegea kama siagi, akavimenya, akaviponda, ndipo akavitia chunguni. Utamu wake ulikuja na moshi kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka uani. Kila mtu alimwona akifanya, ila kujua saa ya kuvifukua ndiko kulikowashinda. Yeye aliligusa jivu kwa kiganja, basi. Bi Mrefu, mwanamke mfupi kuliko wote pale na ndiyo maana wakampa jina hilo, alijaribu mara moja akafukua makaa. Tangu siku hiyo akawa anamtania, "Mwenyekiti, wewe unapika au unazika?"

Mtu mmoja tu alifundishwa kuligusa lile jivu. Binti yetu.

Kisha akaletwa mkuu mpya wa magofu. Sisi tulimwita Bwana Tai, maana alifunga tai shingoni hata jua likiwa la kupasua mawe. Akawaita kina mama, akawaambia moshi wao unaharibu kuta za kale. Kuta zimekula mvua na jua na mavi ya popo tangu enzi za mababu wa mababu, hazikufa, leo eti zitauawa na moshi wa maharage! Mimi ni mwashi, nimejenga kuta, sijapata kuona ukuta uliokufa kwa maharage. Lakini nani anamuuliza mwashi? Akasema litajengwa jumba la chakula la kisasa, safi, na wakiondoka kwa amani wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuingia. Akamshika mke wangu mkono mbele ya wote. "Mama, wewe ndiye utakayefungua mlango."

Bi Mrefu hakutaka. Alisema, "Ahadi ya mwenye tai ni kivuli cha saa sita mchana. Ukikitafuta, kipo chini ya miguu yake mwenyewe."

Mke wangu akawafuata nyumba kwa nyumba, akawabembeleza. Wakamkubali. Hawakumwamini Bwana Tai, walimwamini yeye. Wakabeba masufuria yao, wakaondoka.

Jumba likajengwa, likafunguliwa, na hakuna aliyeitwa. Tukaambiwa amepewa mtu mwenye vyeti. Wenzake wakaanza kumpita mke wangu njiani bila salamu. Ikasemwa kwamba Mwenyekiti amewauza. Alipougua hawakuja. Alipokufa hawakuja kuzika, na mwanamke aliyewahi kupikia nusu ya mji akazikwa na watu wa kuhesabika. Siku zake za mwisho alikuwa na swali moja tu. "Hivi wale niliwakosea nini?"

Nikawa namjibu, "Hukumkosea mtu. Wakubwa wamekudanganya."

Tangu hapo sikuwa na wimbo mwingine. Kinyozi wangu anaujua, muuza maji anaujua. Na haja yangu ilikuwa moja: wanawake wale wajue kwamba mke wangu hakuuza mtu. Asafishiwe jina. Mengine wakubwa wabaki nayo, wameshazoea kubaki na vitu vya watu.

Basi tukaenda. Wajukuu zangu pacha walikaa mmoja kila upande wangu, wakanibandika pipi kwenye shati. Mama yao akageuka kutoka kiti cha mbele akalifuta doa kwa kitambaa na mate, kwa bidii ambayo ilinishangaza.

"Acha, ni pipi tu."

"Leo lazima upendeze, baba."

"Mnaniozesha?"

Mkwe wangu akacheka peke yake, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Magofuni kijana mmoja wa kutembeza wageni akatuonyesha chumba cha kuogea cha mfalme na kisima cha mfalme. Mjukuu mmoja akauliza mfalme alikuwa anakula wapi, kijana akasema hilo halijagunduliwa. Niliona mahali walipoziba ufa kwa saruji, kisha wakaipaka rangi ya kahawia ionekane ya kale. Jua lilikuwa utosini na jasho lilishaanza kunishikisha shati mgongoni.

Tukaingia kwenye jumba la chakula. Juu ya mlango kulikuwa na ubao mrefu uliofunikwa kitambaa chekundu. Na pembeni ya mlango, juu ya kijukwaa chenye maua ya plastiki, kulikuwa na mafiga matatu na chungu.

Nikasimama.

Figa la tatu nililichonga mimi mwenyewe, kutoka kwenye jiwe lililobaki kwenye msingi wa nyumba ya watu. Nililikosea, likatoka fupi. Mke wangu hakulitupa. Alitafuta kipande cha kigae, akawa anakiweka chini yake kila alipopika, na kila alipokiweka ananitazama. Pale mlangoni kigae hakikuwepo. Chungu kilikuwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Si ulisema mafiga ya mama yako utayaweka kwako, uwe unamkumbuka?"

"Ndiyo, baba," binti yangu akasema. "Twende kwanza ukakae. Ule kwanza."

Nilidhani ameyatoa zawadi kwa Bwana Tai. Hilo peke yake lilitosha kunirudisha nyumbani. Nikakaa kwa sababu ya watoto. Wasichana waliovaa sare za kijani wakatuletea sahani, wakamwinamia binti yangu kidogo, nami nikalipuuza hilo. Nikachota maharage. Nikayatia mdomoni.

Sikuyatafuna. Yalikaa tu ulimini na ule moshi wa kwa mbali ukaja, ukaniita kutoka uani.

Niliweka kijiko chini. "Nani kafukua hivi vitunguu?"

Mkwe wangu akainama kuwakatia watoto nyama ambayo ilikwisha kukatwa.

"Baba," binti yangu akasema, "nilikuwa nataka nikuambie vizuri, baadaye, pale mlangoni—"

Kabla hajamaliza, Bwana Tai akatokea, tai yake na tabasamu lake, na nyuma yake mpiga picha. "Mzee wetu! Karibu nyumbani! Umeona mambo ya mwanao? Tangu tumfungulie hapa hatujawahi kujuta."

Nikasimama. "Ulimuahidi mke wangu."

"Na tukatimiza!" akasema, na wallahi hakuwa anatania. "Jumba lilikwenda nyumbani kwako, mzee. Kwani hawakukuambia?"

Miaka yote ile nilikuwa nimemwandalia mtu yule maneno. Nilikuwa nayo ya kutosha kumchuna ngozi. Nikamgeuzia mgongo, nikamtazama binti yangu.

Bwana Tai ni mjanja wa kunusa. Akasema atatungoja nje, akamvuta mpiga picha wake.

"Alitaka mtu mwenye cheti cha mapishi," binti yangu akasema kwa sauti ya chini. "Mama hakuwa nacho. Mimi ninacho. Ningekataa angepewa mgeni. Si bora libaki kwetu?"

"Mama yako alijua?"

Akaanza kuzungusha glasi.

"Nimekuuliza, mama yako alijua?"

"Ningemwambia, angetaka niwaingize wenzake wote. Na wakubwa walishasema hawawataki wale, wanataka wasichana wenye sare. Ningefanyaje? Nilikuwa nangoja apone kwanza."

"Alikuwa anakuuliza. Umekaa kitandani kwake unamkanda miguu, anakuuliza wale niliwakosea nini, nawe unamwambia nyamaza mama, pumzika."

"Alikuwa anaumwa, baba!"

"Na mimi? Mimi nilikuwa naumwa nini? Miaka yote unaniambia unapika hotelini mjini."

Pacha wakaacha kula. Binti yangu akapangusa macho, akaniambia lile alilodhani litaniponya. Ubao wa mlangoni uliandikwa jina jipya la jumba. Kwa Mwenyekiti. Ndiyo maana ya shati jeupe. Mimi ndiye niliyeletwa kuvuta kitambaa, nipigwe picha, mama yake akumbukwe daima.

"Ni kwa heshima yake," akasema. "Nilitaka ufurahi."

Nikamfikiria Bi Mrefu akipita barabarani, anasoma pale juu: Kwa Mwenyekiti. Wale wanawake walikuwa wanasema kwa mdomo kwamba aliwauza. Sasa itaandikwa kwa rangi.

Nikatoka. Nilipita chini ya kile kitambaa, nikampita Bwana Tai aliyenyoosha mkono kama mtu wa kupokea bibi harusi, nikayapita mafiga ya mke wangu. Sikuvuta kitu.

Nje ya lango la magofu, ng'ambo ya barabara, Bi Mrefu alikuwa amekaa juu ya ndoo na sinia la karanga mbele yake. Alikuwa amezeeka. Aliponiona akaanza kuzipanga karanga zake upya, jambo ambalo karanga hazihitaji. Nikavuka.

"Shemeji," nikamwambia, "mke wangu hakujua. Jumba ni la binti yetu, na mama yake hakuambiwa mpaka anaingia kaburini. Na mimi nimejua leo, pale mezani."

Hakuonyesha kushtuka. Hilo ndilo lililonivunja.

"La binti yenu tunajua," akasema. "Tulimwona siku ya kwanza, juu ya ngazi, anatundika mapazia. Tukasema, kumbe! Mwenyekiti katutoa sisi ili amwingize mwanawe. Tulidhani mnakula wote."

"Mbona hamkuja kumuuliza?"

"Nilikuja." Aliinua uso. "Nilikuja mlangoni kwenu nimejaa maneno mpaka hapa. Binti yako akafungua. Akaniambia mama amelala, na amesema hataki kuona mtu kati yetu. Nikarudi. Ungekuwa wewe ungerudi tena?"

Mke wangu, ambaye alikuwa akisikia hatua nje anauliza ni nani, ni Bi Mrefu?

Gari likasimama mbele yetu. Pacha walikuwa nyuma, wamebandika nyuso kwenye kioo. Binti yangu akashusha dirisha lake. "Baba, ingia. Tukazungumze nyumbani."

"Shuka," nikamwambia. "Shuka umwambie mama yako huyu yale uliyoniambia mimi. Umwambie na nani alisema hataki kuona mtu."

Alimtazama Bi Mrefu, akatazama langoni, ambako wageni walikuwa wanatoka na kofia zao na wasichana wake wa sare walikuwa wamesimama kutuangalia.

"Si hapa, baba. Watu wanaona."

"Ndiyo haswa. Waone."

Nikaufungua mlango wa gari, nikaushika. Nilingoja. Nitasema ukweli, kama angeshusha hata mguu mmoja ningeumaliza ugomvi palepale, ni mwanangu, nilimbeba mabegani. Aliutazama mkono wangu juu ya mlango. Kisha akavuta mlango taratibu mpaka vidole vyangu vikaachia.

Mkwe wangu akatia gia.

Wakubwa ndio waliochimba shimo, sitabadilisha neno hilo mpaka nife. Walijua mama mpishi hana cheti, na wakijua hivyo wakamshika mkono. Lakini mama hasukumwi shimoni na mtu wa mbali. Mtu wa mbali haujui mgongo wake.

Vumbi la gari likatulia juu ya sinia. Bi Mrefu akapuliza karanga zake, akazipangusa kwa upindo wa kanga. Kisha akainuka kwenye ndoo, akavuta ndoo nyingine iliyokuwa nyuma yake.

"Kalia hii, shemeji. Mfuniko wake ni mzima." Akanimiminia karanga kiganjani. "Kaburi liko upande gani? Sijawahi kufika."

Nikamwambia nitampeleka akishauza. Akalitazama sinia, halafu akachukua kitambaa chake cha kufunikia karanga, akalifunga lote kama lilivyo.

"Twende tu," akasema. "Za leo hazinunuliki."

Nilimbebea ndoo zote mbili. Hatua zake ni fupi, ikabidi niende polepole.